Ulimi wa Mama Mbuzi

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Najua wapo waliowasha redio asubuhi, chai mkononi, wakaikosa sauti yangu. Mmoja amenipigia simu kuuliza kama nimefukuzwa kazi. Sijafukuzwa. Kipindi chetu cha kumbukumbu mmekizoea asubuhi, leo kimekuja jioni, na kimekuja jioni kwa makusudi. Sababu nitaisema tukifika mwisho. Naomba mnivumilie.

Leo tunamkumbuka mwanamke aliyetafuna majani. Sisemi kwa mafumbo. Alikuwa mtafiti wa maharagwe, mwanamke aliyesoma akabobea, na kazi yake ilikuwa kutafuta maharagwe yanayoweza kuishi kwenye ardhi yenye chumvi. Kila asubuhi alipita kati ya mistari ya miche, akachuma jani, akalitafuna, akalitema, akasogea kwa jingine. Wenzake kazini wakamwita Mama Mbuzi. Walianza kwa kunong'ona, akawasikia, akacheka mpaka akashika mbavu. Tangu siku hiyo hakuitikia jina jingine pale kazini. Kwa hiyo na mimi, kwa heshima zote, nitamwita Mama Mbuzi.

Mama Mbuzi amefariki. Amezikwa wiki iliyopita. Ameacha mume, ambaye ni fundi cherehani. Ameacha dada mkubwa, ambaye ni mkulima. Watoto hawakujaliwa. Haya nitakayowasimulia nimeyapata kwa hao wawili, na zaidi kwa fundi, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha wateja katika chumba chake cha kushonea, suruali za watu zimening'inia juu ya kichwa changu.

Tuanze na chumvi yenyewe. Bondeni walikozaliwa hao dada wawili, maji ya shamba yanakuja kwa mfereji. Maji yale yana chumvi kidogo, kidogo mno. Lakini jua likiyakausha, maji yanaondoka na chumvi inabaki. Msimu huu inabaki, msimu ujao inaongezeka. Mwisho wake ardhi inatoa utando mweupe juu, kama unga uliomwagika. Mahindi yanajikaza kidogo. Maharagwe hayawezi. Nasema tena, maharagwe hayawezi. Ukingo wa jani unaungua, mmea unadumaa, na vile vinundu vya mizizini vinavyoulisha mmea vinakufa kabla havijaanza kazi.

Mama yao alikuwa akifagia shamba. Dada mkubwa alinihadithia hilo kwa simu. Kila kulipokucha, yule mama alichukua ufagio wa uani, akafagia utando mweupe kati ya matuta, akauzoa kwa beseni na kwenda kuumwaga barabarani. Siku chache baadaye umerudi. Majirani walimcheka kwamba anafanya usafi wa dunia nzima. Mabinti zake walimsaidia kuzoa. Mdogo aliuliza kila mara chumvi hii inatoka wapi, na mama akamjibu kwamba angejua inakotoka asingekuwa ameshika ufagio.

Mdogo akaenda kusoma ili apate jibu. Mkubwa akabaki na shamba na ufagio. Mama yao alipofariki alizikwa huko huko bondeni, mwisho wa matuta yake. Tangu hapo dada mkubwa akaendelea kupanda maharagwe kwa ubishi, na kila msimu akavuna kidogo kuliko msimu uliopita. Mdogo wake alimwahidi kwamba ipo siku atamletea maharagwe ya kukaa na chumvi ile. Hiyo ndiyo ahadi iliyomsumbua Mama Mbuzi maisha yake yote.

Sasa niwaeleze alivyofanya kazi, maana bila hilo hamtaelewa kilichompata. Kituoni kwao kuna mabanda marefu yaliyofunikwa kwa nailoni. Ndani yake kuna ndoo zilizotobolewa chini na kujazwa mchanga uliooshwa, kila ndoo na mche wake. Unamwagilia maji ya chumvi, mwanzo kidogo, kisha unaongeza. Ukimwaga yote kwa mpigo mche unashtuka na kufa, na wewe hujajifunza kitu. Halafu unatazama upi umebaki hai. Lakini kubaki hai hakutoshi. Kuna mche unaoinywa chumvi, ukaipandisha hadi majanini, ukaificha humo na kuendelea kupendeza. Na kuna mche ambao mizizi yake inaizuia chumvi isipande. Kwa macho inafanana. Ule wa kwanza utakudanganya mpaka siku ya maua, halafu utakuangukia. Ule wa pili ndio unaotafutwa.

Kipimo cha kuitofautisha kipo. Kituoni kilikuwepo kimoja, kikaharibika, kipuri chake kikaagizwa, na mpaka leo kinasubiriwa. Majani yakipelekwa maabara kubwa, majibu yanarudi msimu umeshapita. Mama Mbuzi akaamua kutumia mdomo wake. Kabla kile kipimo hakijafa alikuwa ameulinganisha ulimi wake nacho mara nyingi, na havikuwahi kupishana. Basi asubuhi, kabla hajanywa chai, alisukutua kwa maji ya mvua, akachuma jani la tatu kutoka juu, akatafuna, akatulia, akatema. Jani likiwa na chumvi, mche unafungwa utepe mwekundu. Likiwa na ladha ya majani matupu, unafungwa utepe mweupe.

Na hizo tepe ndizo zilizomletea mume. Alikuwa akipita kwenye chumba cha fundi kuomba vipande vya vitambaa, vyekundu na vyeupe. Fundi alidhani ana mtoto anayemshonea mwanasesere. Alipoambiwa ni vya kuyafunga maharagwe, aliona huyu dada ana matatizo kidogo. Lakini akaanza kumwekea vipande vizuri, akivikata sawasawa na kuvipindia kingo zisichanike, kazi ambayo hakuna aliyemtuma. "Alikuja mara nyingi hivi," fundi aliniambia, "nikaona nimuoe tu, la sivyo ningeanza kukata suruali za wateja."

Wakaoana. Wakaishi vizuri. Kisha daktari akampima Mama Mbuzi presha, akamkataza chumvi. Chekeni tu, wasikilizaji, na yeye alicheka. Mwanamke aliyeishi kwa kuonja chumvi kazini, nyumbani akapigwa marufuku hata punje. Fundi ndiye aliyekuwa mpishi, maana cherehani iko nyumbani na jiko liko hatua mbili kutoka hapo. Akaamua kupika sufuria moja, isiyo na chumvi, ya wote wawili. Mkewe akamwambia ajitilie yake kwenye sahani. Fundi akakataa. Alisema hawezi kukaa meza moja na mkewe, yeye anakula chakula na mwenzake anakula adhabu. Miaka ikapita hivyo. Likumbukeni hilo.

Wakati huo bondeni hali ilikuwa inazidi kuwa mbaya. Majirani walishaanza kuhama mmoja mmoja. Dada mkubwa akapiga simu. Hakupiga kelele, hakulaumu. Alisema tu, "Mdogo wangu, msimu ujao maharagwe yasipokubali, nafunga virago. Mama nitamwacha huku peke yake." Mama Mbuzi akamwambia avumilie, kwamba mbegu iko karibu, kwamba kimebaki kizazi kimoja cha kuchagua kisha ataileta. Na hakusema uongo. Kweli ilikuwa karibu.

Ndipo akashikwa na homa.

Ilikuwa homa ya kawaida, ya kulala na kutokwa na jasho na kupona. Akapona, akarudi kazini. Fundi hakuona tofauti yoyote, mpaka siku jirani yao alipowaletea bakuli la mchuzi kama pole ya mgonjwa. Jirani yule hakujua habari za presha. Fundi alipoonja kijiko cha kwanza, macho yalimtoka. Chumvi ilikuwa imezidi hata kwa mtu anayeila. Akataka kumzuia mkewe, akamkuta anakula taratibu, anachovya, anatafuna, uso umetulia.

Fundi akamuuliza chakula kikoje. Akajibu kizuri. Fundi akamuuliza chumvi je. Hapo mkono wake ukasimama hewani na kijiko.

"Usimwambie mtu," Mama Mbuzi alisema. "Ulimi utarudi. Nipe muda, utarudi."

Ulimi haukurudi. Wasikilizaji wapendwa, nirudie ili tuelewane. Mwanamke aliyechagua mbegu kwa ulimi, ulimi wake ulikuwa umekufa. Hakuonja chumvi, hakuonja sukari, hakuonja ndimu. Na uchaguzi wa mwisho ulikuwa umefika, na dada yake alikuwa anasubiri, na mkuu wa kituo alikuwa anasubiri kutia sahihi mbegu itoke. Angesema ukweli, msimu ungepita. Msimu ukipita, dada anahama. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akapiga moyo konde na kubahatisha.

Asubuhi ile fundi alimkatia tepe kama kawaida. Akamsindikiza hadi mlangoni mwa banda, akasimama na kumtazama. Mama Mbuzi alisukutua. Akachuma jani la tatu kutoka juu. Akatafuna, akatulia, akatema. Akafunga utepe. Akasogea. Vibarua walimtazama kwa heshima ile ile, na mmoja akalia kama mbuzi kama walivyozoea kumtania, na yeye akacheka kama alivyozoea kucheka. Hakuna aliyejua kwamba anaigiza ila mtu mmoja, na huyo mmoja alikuwa amesimama mlangoni na mkasi mkononi. Fundi aliniambia, "Mimi nilijua. Nilijua na nikanyamaza."

Alichagua kwa macho. Palipokuwa na kijani kizuri akafunga nyeupe. Alijipa moyo kwamba macho yake yameona maharagwe mengi, labda yanatosha.

Mbegu ikaenda bondeni. Dada mkubwa akawakusanya majirani waliobaki, wengine wakiwa tayari wameshatia vyombo kwenye magunia, akawasihi wajaribu mara moja ya mwisho. Wakapanda alivyoelekeza Mama Mbuzi: mbegu ubavuni mwa tuta, si kichwani, maana chumvi hupanda na unyevu na kwenda kukaa juu kabisa ya tuta. Wakatandaza nyasi kavu ili jua lisinyonye maji. Wakachimba mitaro ya kuondoa maji yaliyotuama. Walifanya kila walichoambiwa.

Na maharagwe yakaota. Yakanenepa, yakafunika udongo. Dada alipiga simu akiwa anacheka na kulia, akazungumza na fundi kwanza. "Shemeji, njoo uone kijani. Nimelitundika lile fagio ukutani." Fundi alimpa mkewe simu, akatoka nje, kwa sababu hakuweza kumtazama usoni. Mama Mbuzi alizungumza na dada yake kwa furaha. Alipokata simu akakaa, akashika tama, wala hakula siku ile.

Maua yakaja. Wiki ya kwanza yakang'ang'ania. Kisha yakaanza kudondoka. Majani yakaungua kutoka ukingoni, mistari mizima, shamba baada ya shamba, kama walivyozoea kuona miaka yote, ila safari hii walikuwa wameamini. Dada akapiga simu tena, akasema neno moja tu, "Yanaanguka."

Walikwenda bondeni wote wawili. Wakulima walikuwa wamekusanyika uani kwa dada. Fundi alimwomba mkewe njiani kwamba aseme ni jua, aseme ni mfereji, aseme lolote, kisha wataona. Fundi ndiye aliyenieleza hili, na hakuuficha uso wake aliponieleza. Mkewe alifika, akasimama katikati ya uwanja, akasema mbele ya watu wote, "Sikuonja. Ulimi wangu umekufa tangu homa. Nilijifanya naonja, nikawaletea mbegu ya kubahatisha. Kosa si lenu, wala si la ardhi. Ni langu."

Hakuna aliyemtukana. Fundi anasema ingekuwa heri wangemtukana. Walisimama, wakajipangusa nguo, wakaondoka mmoja baada ya mwingine, na jioni ile ile familia nyingine zikaanza kupakia mizigo. Dada yake alibaki amekaa. Aliposema, alisema kwa sauti ndogo.

"Ungeniambia, mdogo wangu, ningesubiri. Ningesubiri hata miaka. Umeninyima hata kusubiri."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Nilimuuliza dada kwa nini na yeye hakuhama. Akanijibu bila kuzunguka. "Nilikuwa nimeshafunga mizigo. Sikuondoka kwa sababu ya hasira. Nilitaka siku akija anikute hapo hapo nahangaika, aone alichonifanya." Halafu akaniomba maneno hayo niyatangaze yalivyo, nisiyalainishe. Nimeyatangaza.

Mkuu wa kituo naye aliumia. Alikuwa ametia sahihi kwa kuuamini mdomo ule. Hakumfukuza, na wengine walimlaumu kwa hilo. Alimwambia Mama Mbuzi mambo mawili: kwamba mbegu za kizazi cha nyuma bado zipo ghalani, kwa hiyo wanaweza kuanza uchaguzi upya, na kwamba hakuna utepe utakaofungwa tena mpaka upatikane ulimi mzima.

Basi ukaanza msako wa ulimi. Lingekuwa jambo la kuchekesha kama lisingekuwa la kufa na kupona. Mama Mbuzi alipanga vikombe juu ya meza ya banda. Kimoja maji matupu, vingine vimetiwa chumvi, kutoka kidogo isiyotambulika hadi nyingi. Akawaita wafanyakazi wote waonje na kusema kipi ni kipi. Wavuta sigara walianguka mapema. Wapenda pilipili wakaanguka. Wengine waliona chumvi ile nyingi tu, ya katikati ikawapita. Wakaletwa wakulima wawili waliobaki bondeni, watu wenye nia njema kabisa, na hao ndio walioshindwa kuliko wote. Wamekunywa maji ya visima vya chumvi tangu utotoni. Kwao kila kikombe kilikuwa maji matamu.

Mama Mbuzi akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kazi ya miaka yote, mbegu ipo, ardhi ipo, na hakuna mdomo. Fundi akaingia na chakula cha mchana, kile chakula chao kisichokuwa na chumvi. Alikuwa ametembea juani, ana kiu. Akaokota kikombe cha karibu, akanywa funda moja, akageuka na kulitema mlangoni.

"Nani ametia chumvi kwenye maji haya?" akauliza.

Kilikuwa kile kikombe cha chumvi kidogo kabisa. Kile ambacho watu wote wa kituo walikipita wakasema ni maji safi. Mama Mbuzi aliinuka taratibu. Akampa kingine, akakitaja. Akampa kingine, akakitaja. Akampa kile cha maji matupu, akanywa chote, akaomba kingine. Miaka yote ile ya kukataa kujitilia chumvi kwenye sahani ilikuwa imemwachia fundi ulimi usio na doa. Fundi anasema mkewe alimshika tu mkono kwa nguvu, akamwongoza hadi kwenye mche wa kwanza.

Tangu siku hiyo fundi alifunga chumba cha kushonea kila asubuhi. Wateja walilalamika, na wapo waliohudhuria sherehe na suruali ambazo hazijapindwa. Yeye alikuwa mabandani. Mkewe alichuma jani, yeye akalitafuna, yeye akasema, mkewe akafunga utepe. Vibarua hawakukawia. Wakamwita Beberu. Alikasirika siku ya kwanza, siku ya pili akaitika. Mama Mbuzi alicheka tena, kwa mara ya kwanza tangu bondeni. Lakini usiku, fundi anasema, alikuwa anaamka na kuuliza, "Una hakika na ule mstari wa mwisho?" Na fundi alikuwa akijibu ana hakika, hata pale alipokuwa hana.

Mbegu ya kwanza iliyochaguliwa hivyo ilikuwa kidogo, ya matuta machache tu. Mama Mbuzi aliipeleka kwa dada yake, akaiweka mlangoni, akaondoka. Mlango haukufunguliwa.

Baada ya hapo ndipo alipoanguka. Ilikuwa asubuhi, kwenye bomba la kuoshea vikombe. Kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukalala, maneno yakaondoka. Hospitali walisema presha ilikuwa imepanda mno, na muuguzi akamuuliza fundi kwa ukali kidogo kama nyumbani wanatia chumvi kwenye chakula.

Fundi hakuacha kazi. Wapo ndugu waliomsema kwa hilo, kwamba mke yuko kitandani na yeye anatafuna majani. Lakini alijua mkewe anataka nini. Asubuhi anapita mistari, mchana anakuja wodini na tepe nyeupe mfukoni. Kwa kila mche mzuri aliokuwa ameupata, alimwekea mkewe utepe mmoja kiganjani, kwenye ule mkono uliobaki na nguvu. Na mkono ulifunga. Kila utepe, mkono ulifunga.

Dada mkubwa alifika hospitali siku za mwisho. Aliketi, akamtazama mdogo wake kwa muda mrefu. Akamwambia, "Nimeipanda, mdogo wangu. Ubavuni mwa tuta, kama ulivyosema." Mama Mbuzi hakuweza kusema. Machozi yalimtoka jicho moja, lile lililobaki na uhai. Dada aliniambia kwamba alikuwa na maneno mengine aliyoyaandaa njiani, ya msamaha, akaona yatasubiri kesho. Hakuyasema. Anaomba niyaseme hewani kwa niaba yake, nami sijui niyasemeje. Alikuwa amemsamehe.

Siku iliyofuata fundi alitoka mabandani, akaja, akaweka utepe kiganjani. Mkono haukufunga.

Wasikilizaji wapendwa, msibani fundi hakula chakula walichokipika waombolezaji. Watu walidhani ni huzuni. Wakamsihi, mama mmoja akamshikia kijiko. Fundi akawaambia kwa upole kwamba hawezi kula chumvi, mistari bado haijaisha. Wakatazamana. Wengine walidhani akili imemruka. Haijamruka. Kipuri cha kile kipimo bado hakijafika. Ulimi ule ndio pekee uliobaki, na yeye anaulinda.

Mtaniuliza maharagwe yale ya bondeni yamefikia wapi. Nimempigia dada mkubwa leo mchana. Yana maua. Hayajaanguka. Hayajafunga maganda pia. Alisema hathubutu kuyatazama, akipita pale anaangalia pembeni, na ufagio ameushusha ukutani, ameuegemeza karibu na mlango. Yale ya kwanza nayo yalikuwa na maua wakati kama huu. Hatujui. Sitawadanganya kwa kuwa ni kipindi cha kumbukumbu na mnataka nimalize vizuri. Hatujui.

Kwa fundi, kwa dada mkubwa, kwa mkuu wa kituo na vibarua wa mabandani, redio hii inawapa pole. Pole sana. Mmepoteza mtu aliyekosea jambo kubwa na kulitamka mbele ya aliowakosea, na si wengi tunaoweza hivyo. Na ninyi mnaonisikiliza, nawaomba jambo moja. Kama kuna kitu mmekipoteza na bado mnajifanya mnacho, kazini au nyumbani, mtafuteni mtu wa kumwambia wakati bado ni mapema. Na kama kuna maneno ya msamaha mliyoyaahirisha hadi kesho, simu zenu ziko mikononi.

Niliwaahidi sababu ya kipindi hiki kuja jioni. Nilipomaliza kurekodi mazungumzo na fundi, nilimwambia kipindi kitarushwa asubuhi kama kawaida. Akaniomba nisifanye hivyo. Aliniambia kwamba akikisikiliza atalia, na akilia machozi yanaingia mdomoni, na machozi yana chumvi. Siku anayolia asubuhi, ulimi hauonji tena mpaka kesho yake, na mistari inalala bila kuguswa. Kwa hiyo amejipangia. Asubuhi anatafuna. Kulia anakuacha mpaka jioni.

Fundi, najua unatusikiliza. Ni jioni sasa. Mistari ya leo imekwisha. Lia, baba.